Nimepiga dawa ya majani kwenye vitunguu: ndago imebaki, vitunguu ndo vimeungua. Tatizo nini?

#1 MkulimaKusini
Assalam alaykum wanajamvi. Shamba langu lipo Makunduchi, kusini Unguja, robo eka hivi ya vitunguu maji, mbegu Red Creole, nimeshahamisha kutoka kitaluni na vilikuwa vimeshika vizuri tu. Majani yakanizidi, maana vibarua wa kupalia siku hizi kuwapata kazi, na kitunguu chenyewe ukikipalia kwa jembe unakikata mizizi. Nikanunua dawa dukani, muuzaji akanambia hii ndo ya vitunguu, piga juu kwa juu, majani yanakufa kitunguu kinabaki. Nikapiga asubuhi. Baada ya siku chache tako la hasani lote kwishnei, mchicha pori umekauka, nikafurahi. Lakini ndago imesimama vile vile, ukoka umebabuka kidogo halafu unachipua tena, na vitunguu ndo vina madoa meupe, majani mengine yamevunjika katikati yamelala, ncha zimekuwa kahawia. Sasa dawa hii inaua nini hasa? Nimeuziwa feki? Na vitunguu vitarudi?

#2 kijana_wa_Mwera
Waalaykum salaam, pole mkubwa. Soma nyuma ya chupa kiambata chake kinaitwaje. Jina kubwa la mbele halitusaidii, kila kampuni ina lake.

#3 MkulimaKusini
Imeandikwa oksifluorfeni, gramu 240 kwa lita. Nimetia vifuniko viwili kwa bomba la lita 20.

#4 BwanaShamba_Mstaafu
Bas hiyo si feki, inafanya kazi yake. Oksifluorfeni ni dawa ya kuunguza, inaua pale inapogusa na inahitaji mwanga wa jua ili iue. Haitembei ndani ya mmea kwenda mizizini. Majani mapana madogo kama tako la hasani na mchicha inayamaliza, hasa yakiwa bado machanga. Ndago ina viazi chini, juu ukiiunguza chini inacheka. Ukoka nao una mashina yanayotambaa chini ya udongo, ndo maana unaona unachipua.
Kitunguu kinasalimika kwa sababu jani lake lina nta juu na limesimama wima, dawa inateleza. Nta ikiwa nyembamba dawa inaingia, na hapo ndo madoa meupe. Kitunguu kikiwa na majani mawili ya kweli au zaidi na kimeshashika kinaweza kuvumilia, tena kwa dozi ndogo. Nna masuala mawili: ulipiga muda gani baada ya kuhamisha, na ulichanganya kitu chochote?

#5 MkulimaKusini
Kama wiki mbili hivi tangu kuhamisha. Nilitia sabuni ya maji kidogo ili ishike, kama tunavofanya kwenye dawa ya wadudu. Na siku mbili kabla kulikuwa na mvua na mawingu.

#6 FundiBomba
Hapo hapo!! Sabuni inayeyusha ile nta aliyoisema bwana shamba namba 4. Dawa ya wadudu na dawa ya majani ni vitu viwili mbali mbali. Na mawingu ya siku kadha yanafanya nta iwe nyembamba, kitunguu kilichoota kwenye jua kali ni kigumu zaidi. Subiri siku mbili tatu za jua ndo upige.
Halafu hii habari ya vifuniko inanitesa sana roho. Kifuniko cha chupa gani? Kuna cha mililita 10 kuna cha 25. Watu tunaunguza mazao kwa vifuniko. Fanya hivi: pima hatua mita 10 kwa 10, tia maji matupu kwenye bomba, pigia hapo kwa mwendo wako wa kawaida, halafu angalia umetumia lita ngapi. Eka moja ni kama mara 40 ya hapo. Ukitumia lita 5, eka inataka lita 200, yaani mabomba 10. Kibandiko kikisema nusu lita kwa eka, bas ni mililita 50 kila bomba. Kila mtu ana mwendo wake, anaetembea polepole anamwaga dawa mara mbili ya mwenzake na wote wametia kifuniko kile kile.

#7 Mpemba_wa_Konde
Mie naona mnakimbilia sabuni haraka. Makunduchi maji yao ya kisima ni ya mawe, hayo maji ndo shida. Maji magumu yanaua nguvu ya dawa, ndo maana ndago haijafa.

#8 kijana_wa_Mwera
Mpemba kaacha karafuu kaingia vitunguu siku hizi 😂

#9 Mpemba_wa_Konde
Karafuu zipo pale pale yakhe, chini ya mikarafuu napalia na juani nalima vitunguu. Weye kaa Mwera ule urojo.

#10 BwanaShamba_Mstaafu
Mpemba_wa_Konde una ukweli lakini umeuweka pasipo pake. Maji magumu yanaivunja nguvu glaifoseti, ile ambayo wengi wanaiita Roundup hata kama si yenyewe. Chokaa iliyomo ndani ya maji inaishika glaifoseti na jani halichukui kitu. Kwa hiyo watu wa upande wa mawe, Makunduchi, Jambiani, Paje, wakiitumia kusafishia shamba kabla ya kupanda wanaona dawa dhaifu, wakati duka halina kosa. Dawa yake ni kutumia maji ya mvua, au kutangulia kutia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye maji halafu ndo glaifoseti. Ukitaka kujua maji yako, angalia birika la chai ndani, likiwa na ukoko mweupe, na sabuni haitoi povu, bas ni magumu. Maji yenye tope nayo yanaiua glaifoseti, inanasa kwenye udongo. Lakini oksifluorfeni haina ugomvi huo na maji.

#11 Bi_Mwanakombo_Shamba
Jamani hakuna hata mmoja aliyemjibu kuhusu ndago. Ndago HAIFI kwa dawa yoyote ya juu juu mnayoipigia ndani ya kitunguu, tusimdanganye mwenzetu. Mie nimepambana nayo miaka. Chimbueni mche mmoja taratibu na msivute, mtaona kiazi kimoja kimefungwa uzi kwenda kiazi cha pili, cha pili kwenda cha tatu, vyeusi vigumu vina harufu. Kile cha juu kikiwa hai vya chini vinalala. Ukiivuta uzi unakatika na vile vilivyolala vyote vinaamka. Ndo maana ukipalia ndago leo, baada ya wiki imekuwa nyingi kuliko mwanzo, watu wanadhani wamerogwa.

#12 Donge_Kaskazini
Si upige ile ya kuua nyasi tu? Fluazifopu. Mie napiga kwenye vitunguu inaua nyasi zote kitunguu hakiguswi kabisa, hakipati hata doa. Ndago ni nyasi.

#13 Bi_Mwanakombo_Shamba
Donge_Kaskazini ndago si nyasi mwanangu. Chukua bua lake lisokote baina ya vidole, utahisi pembe tatu. Nyasi bua lake duara, na lina vifundo. Hiyo fluazifopu inaua nyasi za kweli tu, ndago itakuangalia.

#14 Donge_Kaskazini
Khaa! Nimetoka uani sasa hivi kusokota. Pembe tatu kweli. Ahsanta bi mkubwa. Kumbe ndo maana nyasi zote zinakwisha halafu shamba zima linabaki ndago tupu.

#15 BwanaShamba_Mstaafu
Ndivyo. Dawa moja ukiirudia rudia unaliachia uwanja lile gugu isiloliweza. Kwa MkulimaKusini fluazifopu itamsaidia kwenye ukoka, lakini ajue haionekani kazi yake haraka, inachukua wiki moja hadi mbili na zaidi. Dalili yake vuta jani la katikati la nyasi, likichomoka lenyewe na chini limeoza, dawa imefanya kazi. Na ipigwe nyasi zikiwa na maji, zikiwa zimekauka kwa kiu hazifyonzi. Ukoka mkongwe utataka kurudiwa.

#16 mtoto_wa_Bumbwisudi
Hebu na mie niulize, MkulimaKusini hilo bomba ni lako au umeazima? Huku kwetu kwenye mpunga watu wanapigia tu-fo-di (2,4-D) kuua majani mapana. Bomba lile lile likienda kwenye mboga linabakisha dawa kwenye mpira na kwenye nozeli, ile ncha inayotoa dawa. Nimeona nyanya ya jirani majani yamejikunja yote kwa bomba lililosuuzwa mara moja tu. Vitunguu vikipata hiyo vinapinda.

#17 MkulimaKusini
Nimeazima kweli, lakini mwenye bomba analima mihogo na mahindi, mpunga hana. Na kuna jambo sijalisema: jirani yangu kapiga dawa hiyo hiyo bila sabuni na vyake vimeungua ncha vile vile, ila madoa meupe ni machache.

#18 FundiBomba
Madoa machache bila sabuni. Si ndo nilivosema?

#19 Mpemba_wa_Konde
Na ncha je? Ncha zimeungua kwa wote wawili! Nyie wote mnamwagilia kisima kimoja? Kisima kipo mbali gani na bahari? Kitunguu hakipendi chumvi hata kidogo, maji yakianza kukolea chumvi kiangazi ncha zinaanza kukauka kwanza. Onja maji.

#20 MkulimaKusini
Kisima kimoja ndio. Wakati wa masika matamu, sasa hivi yana ukakasi kidogo lakini tunayanywa.

#21 Mpemba_wa_Konde
Nshasema mie.

#22 Mtafiti_Mdogo
Naongeza jengine kabla hamjamfunga Mpemba medali. Amesema mwenye bomba analima mahindi. Na hilo shamba lenyewe msimu uliopita lilikuwa na nini? Kama kulikuwa na mahindi yaliyopigwa atrazini, ile dawa ya majani ya kwenye mahindi, kitunguu ni katika mazao yanayoumia sana na mabaki ya atrazini. Na kwenye udongo wenye chokaa, kama huo wa mawe wa kusini, atrazini inakaa muda mrefu zaidi kuliko kwenye udongo wenye tindikali, kwa sababu inavunjika polepole. Dalili zake majani yanaanza kuwa manjano na kukauka kutokea nchani. Kwa hiyo ncha za kahawia zinaweza kuwa atrazini na madoa meupe yakawa oksifluorfeni na sabuni. Mambo mawili kwa wakati mmoja.

#23 MkulimaKusini
Mahindi yalikuwepo kipande kimoja, kingine mtama. Alolima ni ndugu yangu, ntamuuliza kapigia nini.

#24 Donge_Kaskazini
Mtafiti na wale wadudu wadogo wanaojificha kwenye kikonyo, thripsi? Nao wanafanya jani liwe na weupe wa fedha fedha.

#25 Mtafiti_Mdogo
Wanafanya, lakini weupe wao ni michirizi na utaviona vitone vyeusi vya kinyesi, ukipanua majani katikati utawakuta wenyewe. Doa la dawa linakuja kwa siku moja mbili, halizidi, na jani jipya linatoka safi. La thripsi linaendelea kila siku. Na lile doa linaloanza jeupe halafu likawa la zambarau lenye duara duara, hilo ni ugonjwa wa ukungu.

#26 Upenja_Vijijini
Huku kwetu tunatumia ile ya njano, pendimethalini. Unapiga kwenye udongo baada ya kuhamisha, kabla majani hayajaota, unamwagilia, umemaliza. Inatia rangi nguo haitoki hata kwa JIK. Kwa nini mnateseka na hizi za kuunguza?

#27 BwanaShamba_Mstaafu
Kwa nyie wenye kinongo, ule udongo mwekundu mzito, sawa. Pendimethalini inazuia mbegu ya gugu isitoe mzizi, haiui lililokwishaota, na udongo ukiwa mkavu haifanyi kazi. Lakini kwenye kichanga chenye mboji kidogo ikija mvua kubwa inashuka mpaka kwenye mizizi ya kitunguu, mizizi inakuwa mifupi minene na kitunguu kinadumaa. Kichanga dozi inapunguzwa. Na baada ya kupiga usiuchimbe udongo, ile dawa ni tabaka, ukilivunja na jembe majani yanapita kwenye ufa.

#28 Upenja_Vijijini
Mie nimeiweka kwenye kichanga miaka na haijanidumaza kitunguu.

#29 BwanaShamba_Mstaafu
Kwa mvua gani? Kiangazi ukimwagilia kwa keni haiwezi kushuka. Iweke masika.

#30 Upenja_Vijijini
Kitunguu nani anapanda masika bwana shamba 😅

#31 Bi_Mwanakombo_Shamba
Nataka kusema jambo na naomba mnisikilize. Mnazungumza madawa kama mnazungumza chumvi na bizari. Wanaoingia shambani kung'oa majani yaliyobaki ni sisi wanawake, miguu mitupu, wengine wajawazito, asubuhi ya pili yake tu baada ya dawa kupigwa. Marekani mwezi wa Agosti 2024 walisimamisha kwa dharura dawa ya majani inayoitwa DCPA, iliyokuwa ikipigwa kwenye kabichi na hivi hivi vitunguu, kwa sababu ya madhara kwa mtoto alo tumboni. Ilitumika miaka mingi watu wanaona salama. Mie sisemi oksifluorfeni ni hiyo. Nasema kibandiko kinaandika siku za kukaa nje ya shamba na hakuna anaesoma.
Na zile chupa. Nimekuta chupa ya dawa ya majani imetiwa mafuta ya taa jikoni kwa mtu. Suuza mara tatu, yale maji rudisha kwenye bomba upigie shambani, chupa toboa.

#32 kijana_wa_Mwera
Kweli kabisa bi. Na kisima pia. Nchi yetu chini ni mawe ya matumbawe yenye mapango, ukimwaga dawa juu hapa haichujwi kama kwenye udongo mzito, inateremka moja kwa moja kwenye maji tunayokunywa. Mtu anaosha bomba mdomoni mwa kisima!

#33 FundiBomba
Naunga mkono namba 31 na 32. Na upepo. Miezi hii ya kusi usipige saa nne asubuhi upepo umeshaamka, piga alfajiri. Halafu nozeli, nyingi zinazokuja na bomba ni za koni, zinatoa ukungu mwembamba, ni za wadudu. Dawa ya majani inataka nozeli bapa, matone makubwa kidogo, hayaruki kwenda kwenye mchicha wa jirani. Ni pesa ndogo sana.

#34 mzee_wa_Mkokotoni
Sisi zamani vitunguu tulipalia kwa mkono na kijembe kifupi tukauza polo kwa polo. Dawa za nini.

#35 Mama_Duka_Kwerekwe
Mzee wangu zamani kitunguu cha Bara hakikuwa kinashuka bandarini kila siku. Leo Mwanakwerekwe kitunguu kikubwa kinatoka Mang'ola na Singida, kimekauka shingo, hakiozi. Cha hapa kinakuja kibichi, kidogo, kimebanwa na majani. Wateja wa pilau wanataka kikubwa. Mkinipa kilichokauka vizuri mie nanunua cha Unguja na Pemba kwa moyo mmoja, hasa ikikaribia Ramadhani.

#36 mzee_wa_Mkokotoni
Sikatai mwanangu. Lakini kitunguu kinabanwa kwa sababu kinapandwa kwenye shamba chafu. Jani lake ni jembamba, halitii kivuli, kila gugu linalipita. Shamba lisafishwe KABLA.

#37 Bi_Mwanakombo_Shamba
Hapo mzee umenena. Mie ndago nimeipunguza hivi: kaskazi, jua la Januari na Februari, nalima kwa kina cha kiganja na nusu, viazi vyote juu, jua livikaushe, nalirudia tena. Halafu mvua ikinyesha naacha iote, ikishakuwa na majani mengi ndo napiga glaifoseti ishuke mpaka kiazini. Napanda baadae. Haijesha lakini napalia mara mbili badala ya mara tano.

#38 Mtafiti_Mdogo
Ni njia nzuri, ila glaifoseti inaua viazi vilivyotoa majani tu. Vilivyolala vinabaki, kwa hiyo lazima msimu wa pili na wa tatu. Nchi nyengine wanayo es-metolaklori ambayo inaizuia ndago kidogo kwenye vitunguu, lakini kitunguu kiwe kimeshashika, na isitumike mpaka uone kibandiko kimeandika kitunguu. Angalieni pia namba ya usajili ya TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu.

#39 BwanaShamba_Mstaafu
TPHPA siku hizi, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, sheria ya 2020 iliunganisha TPRI humo. Chupa za zamani bado zina TPRI. Na Kizimbani kuna kituo cha utafiti wa kilimo, udongo na maji mngepeleka huko kuliko kuonja kwa ulimi kama anavosema Mpemba.

#40 Mpemba_wa_Konde
Ulimi wangu haujawahi kunidanganya.

#41 MkulimaKusini
Ahsanteni sana wote. Taarifa mpya. Majani mapya ya katikati yanatoka kijani safi hayana doa, ila ncha za yale ya nje zinaendelea kukauka. Nimemuuliza ndugu yangu, anasema mahindi alipigia "dawa ya mahindi", chupa kashaitupa. Na nimekwenda shamba la tatu linalotumia kisima hicho hicho, yeye hakupiga dawa yoyote mwaka huu na hakulima mahindi. Ncha zake kahawia.

#42 Mpemba_wa_Konde
CHUMVI.

#43 Mtafiti_Mdogo
Au mbolea. Shamba la tatu ametia yuria ngapi? Na wewe kwako, ile sehemu ya mtama na ile ya mahindi, ncha zimeungua sawa sawa au kuna tofauti? Ikiwa ya mahindi ni mbaya zaidi mie siachi atrazini yangu.

#44 MkulimaKusini
Ya mahindi naona imezidi kidogo, lakini ndo iliyo karibu na kisima inapata maji mengi zaidi.

#45 FundiBomba
Duh. Kila mtu kashinda hapo.

#46 Upenja_Vijijini
MkulimaKusini ndago umeifanyaje sasa? Maana uzi wote tumeacha ndago tumeshika chumvi.

#47 MkulimaKusini
Nimeitoa kwa mkono na kijiti kwenye mistari miwili tu nikaangalie kama itazidi kama alivosema bi mkubwa. Mistari mengine nimeikata juu kwa kisu bila ya kuvuta. Ukoka ntapiga fluazifopu bila sabuni, nozeli bapa, FundiBomba kasema anayo ya ziada.

#48 FundiBomba
Ipo, njoo Darajani Jumamosi kabla ya adhuhuri. Njoo na bomba lenyewe nione mpira, isije ikawa lina mabaki ya hiyo dawa ya mahindi.